Methali Isiyo na Mwenyewe

Mwaka 2025 watu walitunga msemo wa Kiingereza usio na maana, kwamba nyegere harambwi mara mbili, wakaiuliza akili bandia ya Google. Ikajibu bila kusita: aliyekwisha kudanganywa hadanganyiki tena. Chombo hicho hupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Hakikuketi na mzee yeyote.

Mtoto wa kambini, aliye mbali na bibi yake wa Kuluva, huenda akaiuliza simu maana ya methali ya Kilugbara. Jibu la kubuni likiingia daftarini, kesho litaitwa urithi wa mababu. Basi, mpigieni bibi simu. Naye asipoijua methali hiyo, atasema, "Sijui, mjukuu wangu." Hilo nalo ni jibu.