Corfu, mji ulioandika kwa lugha ya sokoni

Wageni wengi wanaotembelea mji wa Corfu, katika kisiwa cha Ugiriki chenye jina hilohilo, husifu majengo, na wana haki. Waveneti waliutawala kutoka 1386 hadi 1797, wakaacha ngome na vichochoro vyembamba vyenye nyumba ndefu. Wafaransa walijenga Liston, safu ya nyumba zenye matao inayofanana na rue de Rivoli ya Paris. Waingereza walijenga jumba kubwa la mawe, na hadi leo kriketi inachezwa katika uwanja ulio karibu nalo. Anayeangalia kuta tu ataondoka akidhani kwamba uzuri wote wa Corfu uliletwa na watawala.

Mimi ningemshauri mgeni huyo aanze na makumbusho madogo ya ufukweni, pale alipoishi mshairi Dionysios Solomos, aliyefariki Corfu mwaka 1857. Alizaliwa 1798 Zakynthos, kisiwa kingine cha Ugiriki. Baba yake alikuwa mtu wa cheo, mama yake mtumishi wa nyumbani humo. Kiitaliano kilikuwa lugha ya ofisi na ya wasomi. Kigiriki kilisemwa jikoni na sokoni. Kijana huyo alisomeshwa Italia kwa miaka kumi, na mashairi yake ya kwanza yalikuwa ya Kiitaliano. Kisha akaigeukia lugha ya mama yake. Mwaka 1823 alitunga utenzi mrefu juu ya uhuru, na beti zake mbili za kwanza ndizo wimbo wa taifa la Ugiriki.

Najua jibu letu: yeye alikuwa na kipaji, sisi hatuna istilahi. Lakini tazameni miswada yake. Beti ni za Kigiriki. Maelezo aliyojiandikia mwenyewe, mengi ni ya Kiitaliano. Hakuitupa lugha ya shule. Aliamua tu ni lugha ipi ambayo wasomaji wake wataipokea.

Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunafanya kinyume. Tunakusanya methali kwa wazee kwa Kiswahili, halafu tunaandika kazi ya mwisho wa masomo kwa Kifaransa. Mzee aliyetufundisha hataielewa hata akisomewa. Tumechukua kwake, hatukumrudishia kitu.

Wengine wanaogopa kwamba Kiswahili chetu kimechanganyika mno. Watu wa Corfu wanakunywa tsitsibira, jina walilolichukua kwa Waingereza pamoja na kinywaji chenyewe cha tangawizi, na Kigiriki chao hakikufa. Sisi nasi tuna kalasi na biro. Tuziandike bila haya.

Waalimu wetu, hatuombi Kifaransa kifukuzwe. Tunaomba sura moja ya kila kazi iandikwe na kutetewa kwa Kiswahili, na wazee waliotusaidia waalikwe kusikiliza. Wakitusahihisha mbele yenu, hapo tutakuwa tumesoma kweli.