Kamisheni kwenye tathmini za bidhaa: KRA yajua, mnunuzi haambiwi

MKAZI wa mtaa wa Milimani, Nakuru, anayetaka kununua kichujio cha maji siku hizi haanzii dukani. Hufungua simu, akatafuta orodha ya vichujio bora nchini, akasoma sifa za kila kimoja, kisha akabofya kiungo kilicho chini ya jina la bidhaa na kujikuta kwenye duka la mtandaoni. Asichoambiwa aghalabu ni kwamba akinunua, aliyeandika orodha ile atalipwa kamisheni na duka hilo.

Kulipwa si kosa. Maduka ya mtandaoni, Jumia ikiwemo, yalibuni mipango ya aina hii miaka mingi iliyopita, na vijana wengi wamepata riziki humo. Tatizo ni ukimya.

Jijini Nakuru ukimya huo una madhara. Bonde la Ufa ni eneo la miamba ya volkeno, na maji ya visima vingi huko yana floraidi inayopita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi tosha, na anayeyanywa maji hayo kwa miaka mingi huweza kudhurika mifupa pia. Kuchemsha hakusaidii. Kichujio cha kauri au cha makaa ya kawaida hupunguza uchafu na baadhi ya vijidudu, lakini floraidi hupita. Kinachoweza kuiondoa ni mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba, au makaa ya mifupa ya mifugo, mbinu ambayo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru iliiendeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Je, mwandishi anayelipwa kwa kila kichujio kinachouzwa ana sababu gani ya kuandika kwamba vingi alivyoviorodhesha havimfai mtu wa Nakuru? Huenda akaandika, waaminifu wapo. Lakini msomaji hana njia ya kuwatambua, na bidhaa isiyolipa kamisheni haina wa kuitaja.

La kushangaza ni kuwa serikali inaufahamu vyema mtindo huu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya dijitali, baada ya wabunge kuipunguza kutoka asilimia 15 iliyopendekezwa. Sheria hiyo inataja waziwazi kamisheni anayopata mwandishi hadhira yake inapobofya bidhaa. Kwa hivyo Mamlaka ya Ushuru (KRA) inapaswa kujua nani kalipwa. Mnunuzi, ambaye pesa zake ndizo chimbuko la malipo hayo, hana haki kama hiyo.

Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 inakataza kuficha jambo la msingi iwapo ufichaji huo unamhadaa mnunuzi. Hata hivyo, inamlenga muuzaji na wakala wake. Iwapo mwandishi wa tathmini ni wakala, hilo ni swali la mawakili.

Nchini Marekani, Tume ya Biashara (FTC) ilitoa mwongozo mwaka 2009 ukiwataka wanaosifu bidhaa mtandaoni kutangaza uhusiano wao na wauzaji. Gazeti la New York Times liliponunua tovuti ya tathmini ya Wirecutter mwaka 2016, lilinunua biashara inayotegemea kamisheni. Tovuti hiyo huwaambia wasomaji kwamba hulipwa, na husema waandishi wake hawahusishwi na hesabu za mapato.

Magazeti ya Kenya hayawezi kujifanya malaika katika suala hili. Maadili ya uanahabari yaliyowekwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yalimtaka mwanahabari akatae shinikizo la watangazaji wa biashara, ila kila mhariri anafahamu jinsi habari ya mdhamini mkubwa inavyopata nafasi upesi. Tofauti ni kwamba gazeti lina mhariri wa kulaumiwa na baraza la kupokea malalamiko. Mwenye orodha ya vichujio hana hata kimoja.

Mkazi wa Milimani angefaa kwanza kupeleka chupa ya maji yake kwenye maabara yapimwe floraidi. Ushauri huo haumpatii mwandishi wa orodha hata shilingi moja.