Mti wa Krismasi na Suke la Mpunga

Desemba iliyopita nilikuwa Mngeta, kwa wakwe zangu, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kulainisha ardhi. Dukani nilimkuta mama mmoja amesimama mbele ya mapambo ya Krismasi: mipira ya plastiki inayong'aa, utepe wa rangi ya fedha, na pamba ya kuigiza theluji. Mkononi alikuwa na orodha ya mahitaji ya mwanawe anayeingia kidato cha kwanza Januari. Alihesabu noti zake mara mbili, kisha akanunua utepe peke yake. "Watoto wa jirani wanao, mwalimu," aliniambia, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza.

Simcheki mama yule. Nyumba yenye watoto inastahili kupambwa, na furaha si anasa ya matajiri. Swali langu ni jingine: pambo tunalolichagua linamlisha nani, na baada ya sikukuu linakwenda wapi?

Historia inatufundisha jambo hapa. Wajerumani waliouanzisha mti huu waliuning'inizia matofaa, kokwa na biskuti, yaani mazao ya shamba na jiko lao. Katika karne ya 19, mafundi wa kijiji cha Lauscha, huko Thuringia, wakaanza kupuliza matunda na tufe za kioo, kwa kuwa kioo ndicho kilichokuwa kazi yao. Leo sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi duniani hutoka Yiwu, nchini China. Sisi tunanunua plastiki inayoiga kioo kilichoiga tofaa. Tumechukua umbo na kuiacha kanuni, nayo kanuni ilikuwa hii: pamba kwa kile ambacho mikono ya kwenu inakijua.

Katika Bonde la Kilombero, Desemba ni mwezi wa kulima na kupanda. Fedha inatoka, haiingii. Mpunga utavunwa kuanzia Mei. Shilingi inayonunua utepe inaondoka bondeni, bali utepe wenyewe unabaki. Ukitupwa, mvua huuchukua hadi Mto Mngeta, kisha Kilombero, ardhi oevu iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, na hatimaye Rufiji. Tarehe 1 Juni 2019 tuliipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini tabia ya kutumia mara moja na kutupa bado tunayo.

Mbadala upo karibu. Masuke ya mpunga yaliyohifadhiwa tangu mavuno, yakifungwa kwa ukindu uliotiwa rangi, hupendeza kuliko pamba ya theluji ambayo hakuna mtoto wa Mngeta aliyeiona. Vipande vya vitenge vinavyofagiliwa chini ya cherehani hushonwa kuwa nyota. Vibuyu vidogo vizito vifungwe karibu na shina, vyepesi vikae kwenye ncha za matawi. Mishumaa isiwekwe kabisa juu ya vitu vikavu. Wala asiende mtu kukata tawi katika misitu ya hifadhi ya Udzungwa; mti uliopandwa kwenye ndoo unatosha. Na mwenye mkrismasi uani, ule wenye maua mekundu, Mungu amekwisha kumpambia.

Msusi wa ukindu alipwe bei ya haki, asiombwe "mchango wa sikukuu". Mwenye duka naye hana sababu ya kukosa: aiuze kazi ya msusi huyo kando ya bidhaa zake. Na aliye na mapambo ya plastiki tayari asiyatupe kwa kunisikiliza mimi. Ayafute vumbi, ayaweke kwenye boksi, ayatumie miaka kumi. Pambo baya kuliko yote ni lile linalonunuliwa upya kila mwaka.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mnaochangishwa kila Desemba kupamba ofisi, pendekezeni safari hii fedha hiyo iende kwa wasusi na mafundi cherehani wa kata yenu. Wanafunzi mnaorudi likizo, keti chini na wadogo zenu mshone nyota. Mama yule wa Mngeta alikuwa na masuke darini kwake. Hakuna aliyemwambia kwamba nayo ni mapambo.