Mbwa Akishindwa, Aulizwe Kwanza Bwana Wake

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilitungwa kwa ajili ya vyombo vya majini, lakini leo nataka kuitumia kwa mnyama ambaye wengi wetu humtazama kwa jicho la dharau, naye ni mbwa wa kusaka.

Kila mwaka, msimu wa kusaka sungura unapofungwa nchini Hispania, mnamo mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, mbwa wengi wa aina ya galgo huonekana wakizurura barabarani bila mwenyewe. Ni mbwa warefu, wembamba, wenye mbio kali. Wengine huokotwa wakiwa wamejeruhiwa, na wengine wamekwisha kufa. Si kwamba wamezeeka; aghalabu ni mbwa vijana ambao wangeweza kuishi miaka mingi. Kosa lao ni moja tu: bwana wao amekata shauri kuwa hawafai.

Maoni yangu ni kwamba hukumu hiyo, mara nyingi, humwangukia asiye na kosa. Mbwa akishindwa, wa kwanza kusimamishwa kizimbani ni bwana wake. Na aulizwe maswali matatu: Ulimlisha nini? Ulimwandaa vipi? Ulimpima kwa kipimo gani?

Kabla ya kuyajibu, yafaa tuwajue mbwa wenyewe. Mbwa wengi wa kusaka hufuata harufu, pua ikiwa chini. Hawa husaka kwa macho: humwona mnyama kwa mbali, kisha humfukuza mpaka wamfikie au awaache. Katika ukoo huu wamo grehaundi wa Uingereza na Ireland, galgo wa Hispania, na saluki wa Waarabu, ambaye ndugu zetu waishio Oman na nchi za Ghuba wanamfahamu, na ambaye mabedui humheshimu hata hawapendi kumhesabu pamoja na mbwa wengine. Grehaundi huweza kukimbia kilometa 60 kwa saa na zaidi, lakini kwa muda mfupi. Saluki hamwezi mwanzoni, bali humshinda kwa ustahimilivu, kwani amezoea masafa ya jangwani.

Yupo pia yule ambaye Waingereza humwita lacha. Huyu ni chotara: mzazi mmoja ni grehaundi au mwenziwe wa ukoo huo, na mwingine aghalabu ni mbwa wa kazi, kama yule wa kuchungia kondoo, ili mbio za mmoja zichanganyike na akili za mwingine. Lacha alikuwa mbwa wa wanyonge. Sheria ya mwaka 1671 nchini Uingereza iliwanyima watu wasio na mali, hasa wale ambao ardhi yao haikuleta pato la pauni 100 kwa mwaka, haki ya kuweka bunduki, nyavu za kutegea, grehaundi, na hata lacha. Masharti hayo ya mali hayakuondolewa mpaka mwaka 1831. Mnyonge aliyemfuga lacha kwa siri hakuwa na haja ya kujivunia sura yake. Alimtaka alete kitoweo nyumbani, tena kimya kimya.

CHAKULA

Wapo wasemao kuwa mbwa wa mbio hukimbia vyema akiwa na njaa. Huo ni uongo unaoua mbwa. Ni kweli kwamba hapaswi kunenepa. Mbavu zake za mwisho huonekana, na mifupa ya nyonga hujitokeza kidogo. Lakini wembamba wa afya na wembamba wa njaa si kitu kimoja. Mwenye afya ana nyama ngumu mgongoni na mapajani, na manyoya yake hung'aa. Mwenye njaa amebonyea mapaja, na manyoya yake yamefifia. Mtu asiyeweza kuyatofautisha mawili hayo kwa kupitisha mkono juu ya mgongo wa mbwa wake hajastahili bado kumhukumu.

Mbwa wa kazi huhitaji nyama pamoja na mafuta yake, maana mwili wake hutegemea sana mafuta katika kazi ya muda mrefu. Nafaka iliyopikwa nayo humfaa akimbiaye mbio fupi, na ndiyo sababu walezi wa zamani wa grehaundi waliwapa mkate wa ngano uliolowekwa katika mchuzi wa nyama. Chakula kingi kisitolewe karibu na saa ya kazi. Mbwa mwenye kifua kirefu namna hii huwa katika hatari ya kuvimba tumbo na tumbo hilo kujipinda, naye asipotibiwa upesi hufa kwa muda wa saa chache tu. Mifupa iliyopikwa humdhuru, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake.

Lipo jambo jingine la chakula ambalo hutugusa hata sisi. Mbwa akitupiwa maini na mapafu mabichi ya kondoo au mbuzi, aweza kupata tegu mdogo sana ambaye mayai yake, yakimwingia binadamu, huota uvimbe wenye maji ndani ya viungo vyake. Ugonjwa huo umewatesa sana ndugu zetu wa Turkana, nchini Kenya. Huko Powys, katika Wales, nchi ya kondoo na mbwa wa kila namna, mwaka 1983 ilianzishwa kampeni ya kuwapa mbwa dawa kila baada ya majuma sita. Kwa hiyo bakuli la mbwa si shauri la mbwa peke yake.

MAZOEZI

Mbwa aliyelala miezi yote ya joto hawezi kuamshwa leo na kushindanishwa kesho. Walezi wenye ujuzi huanza kwa kumtembeza barabarani kila siku, polepole, kwa majuma mengi. Ardhi ngumu hukaza nyayo zake, na mwendo wa kila siku huimarisha kano. Baadaye huongezwa mwendo wa mchakamchaka, kisha kupanda vilima, na mwisho kabisa ndipo huja mbio za kasi, chache, zenye mapumziko kati yake. Kila jioni vidole vyake huchunguzwa kimoja kimoja, maana mwiba mdogo wa leo ni kilema cha mwezi ujao. Mbwa mchanga halazimishwi kukimbia kwa nguvu zote kabla mifupa yake haijakomaa, na hilo huchukua mwaka mmoja na zaidi.

Moyo wa grehaundi, ukilinganishwa na uzito wake, ni mkubwa kuliko wa mbwa wengi, na damu yake ina chembe nyekundu nyingi zaidi. Hiyo ni karama ya maumbile. Lakini karama isiyoandaliwa hugeuka balaa. Mbwa hatokwi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Mbio za nusu dakika tu zaweza kupandisha joto la mwili wake kutoka nyuzi 38 au 39 hadi kufikia 41. Misuli isiyozoea huharibika, mkojo hugeuka rangi ya kahawa, na figo huwa hatarini. Bwana wake akimwona anayumba husema, "Huyu hana moyo." Moyo anao! Kilichokosekana ni zile asubuhi za baridi ambazo bwana alibaki kitandani.

HUKUMU

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mashindano ya grehaundi ya kufukuza sungura yalikuwa na kanuni zilizosimamiwa na chama kilichoundwa Uingereza mwaka 1858. Mbwa wawili walifunguliwa kwa pamoja, mmoja amevaa ukosi mwekundu na mwingine mweupe, baada ya sungura kupewa nafasi ya kutangulia. Mwamuzi aliwafuata juu ya farasi. Kwa kasi ya kumfikia sungura mbwa alipata pointi moja hadi tatu. Kwa kumpita mwenziwe, mbili au tatu. Kwa kumgeuza sungura, moja. Kwa kumyumbisha kidogo, nusu. Kwa kumwua, hazikuzidi mbili, na kama kuua kwenyewe kulikuwa kwa bahati, hakupata kitu. Maana yake ni kwamba mbwa aliyerudi na windo mdomoni aliweza kushindwa na yule aliyeifanya kazi yote.

Simwombei radhi mtu yeyote kwa mchezo huo, wala siutamani urudi. Katika England na Wales ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, na Kombe la Waterloo, lililoanza mwaka 1836, likafikia mwisho wake mwaka huo huo wa 2005. Ireland wangali wanashindana, lakini tangu mwaka 1993 mbwa hufungwa kifungamdomo. Ninachokisifu ni busara ya kutazama kazi nzima badala ya tokeo lake la mwisho.

Busara hiyo ina ushahidi. Mwaka 1866 alizaliwa Ireland grehaundi aliyeitwa Master McGrath. Alikuwa mdogo wa umbo, hata inasimuliwa kwamba nusura atupwe alipokuwa kitoto. Alishinda Kombe la Waterloo mwaka 1868, akashinda tena mwaka 1869. Mwaka 1870 alishindwa katika raundi ya kwanza, na barafu ikavunjika chini yake, akatumbukia mtoni, ikabidi aokolewe. Kama angekuwa mikononi mwa mtu wa haraka, hukumu ingetolewa pale pale kando ya mto. Lakini mwaka 1871 alirudi, akalitwaa kombe mara ya tatu. Katika mashindano 37 ya maisha yake, alishindwa hayo mamoja tu.

Kipimo nacho sharti kilingane na kazi. Grehaundi wa viwanja vya Uingereza hukimbia mita 480 hivi. Ukimpima saluki kwa mita hizo utamwita mzembe, na ukimpima grehaundi kwa masafa ya saluki utamwita mgonjwa. Lacha hapimwi kwa kasi peke yake. Je, huitika akiitwa? Huruka ua bila kujiumiza? Hupita kati ya kondoo bila kuwagusa? Humleta yule sungura mdogo wa mashimoni mpaka mkononi mwa bwana wake? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa siku moja. Yataka msimu mzima, mvua na ukavu, konde na kilima. Bali wako watu mashariki ya England wanaoingiza mbwa katika mashamba ya wenyewe usiku na mchana, kinyume cha sheria, wakichezea fedha juu ya mbio moja. Mwaka 2022 adhabu ya makosa hayo iliongezwa. Mwenye kamari hana subira ya kumjua mbwa. Huijua fedha yake tu.

Najua nitajibiwa. Wako watakaosema: "Mkulima maskini hawezi kulisha mdomo usiofanya kazi." Neno hili lina uzito, na mimi silidharau. Lakini mtu asiyeweza kumlisha mbwa baada ya msimu asizalishe watoto kumi ili achague mmoja. Wengine watasema: "Wako mbwa wasiofaa kweli." Naam, wako. Asiyefaa kusaka aweza kufaa nyumbani. Grehaundi wengi waliostaafu huishi majumbani kwa utulivu, wakilala sehemu kubwa ya siku. Kutofaa kwa kazi moja si hatia ya kifo.

Kwa hiyo nashangazwa kwamba Hispania, ilipotunga sheria yake mpya ya ustawi wa wanyama mwaka 2023, iliwaacha nje mbwa wa kusaka. Waliokuwa wakihitaji kinga zaidi ndio walioachwa mlangoni. Kila mbwa wa kusaka na awe na alama imtambulishayo mwenyewe, na mwenyewe huyo awajibike msimu ukifunguliwa na msimu ukifungwa.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mnyama vivyo hivyo. Yeye hana ulimi wa kujitetea, hawezi kusema, "Bwana, jana sikula," wala, "Bwana, hukunitembeza." Kwa sababu hiyo anayemshika ukosi ana wajibu wa kujihukumu mwenyewe kwanza. Akijiona hana hatia, basi na amtazame mbwa wake mara ya pili.