Anayeng'oa viti ashtakiwe

Shabiki anayeng'oa kiti uwanjani ni mhalifu, na anapaswa kushtakiwa yeye mwenyewe badala ya klabu kubebeshwa adhabu peke yake.

Desemba 15, 2024, baada ya Simba kuifunga CS Sfaxien 2-1, zaidi ya viti 200 viliharibiwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kwanza, hiyo ni mali ya umma. Hasara ni ya kila mlipa kodi.

Pili, adhabu ya vurugu hizo iliwaumiza wasio na hatia: Januari 2025, Simba iliikaribisha CS Constantine bila mashabiki.

Tatu, vurugu na misongamano uwanjani huua. Mei 2023, msongamano kwenye mechi ya Yanga na USM Alger uwanjani hapo uligharimu uhai.

Wenye dhamana wadhibiti mageti, wawatambue wahusika na kuwafikisha mahakamani. Wasisubiri msiba mwingine.