Vifurushi vya Isevya: Kazi Ipo, Masharti Yako Wapi?

Kijana wa Isevya, hapa Tabora mjini, anayetafuta riziki hachelewi kupewa shauri hili: tafuta pikipiki, upeleke mizigo ya watu. Shauri lenyewe si baya. Nguo, simu na vipuri vinaagizwa Dar es Salaam, vinafika Tabora kwa basi, na lazima awepo wa kuvichukua stendi na kuvifikisha mlangoni. Wauzaji wa WhatsApp na Instagram wengi hawana duka wala gari. Wana simu na namba ya bodaboda wanayemwamini. Kazi ipo. Lakini je, inafaa mtu aishikilie kwa miaka, aoe na kusomesha kwayo? Naona inafaa, mradi masharti yake yajulikane kabla pikipiki haijawashwa.

Unyamwezi ina historia ndefu katika kazi ya kubeba mizigo. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, upagazi ulikuwa umekwisha kukomaa. Mpagazi alibeba karibu kilo 30 kati ya hapa na pwani, mwendo wa miezi miwili au mitatu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006, anaonyesha kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao: uzito wa mzigo ulikuwa na kiwango, posho ilidaiwa, na mwenye msafara aliyekiuka makubaliano aligomewa au kutorokwa njiani. Msimu wa kulima ulipokaribia, wengi hawakukubali kuondoka. Walikuwa na shamba, na mwenye shamba ana nguvu ya kusema hapana. Maisha yao hayakuwa mepesi; ndui, njaa na vita viliwamaliza wengi. Hata hivyo, walijua wanadai nini.

Kijana wa leo huingia kazini kwa pikipiki ya mkataba: humpelekea mwenye chombo, yaani tajiri, hesabu ya kila siku hadi pikipiki iwe yake. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka atakuwa amempelekea tajiri 3,120,000, na juu ya hapo petroli, oili, tairi na faini ni zake. Akilazwa wiki mbili, hesabu inamsubiri. Mkataba wenyewe mara nyingi ni wa mdomo, na pikipiki ikinyang'anywa mwezi wa kumi wa mkataba hana karatasi ya kwenda nayo popote. Deiwaka, anayeendesha kwa siku tu chombo cha mwingine, ana hali ngumu zaidi, kwa sababu hata tumaini la kumiliki chombo hana.

Kifurushi nacho kina hatari yake. Abiria anaona njia na anaweza kusema taratibu. Simu iliyofungwa kwenye boksi ikifika na kioo kilichopasuka, muuzaji atasema aliifunga vizuri, wa basi atasema aliipokea hivyo hivyo, mteja atakataa kulipa. Anayebaki na lawama ni aliyeishika mwisho. Bima ya lazima ya chombo inawalinda watu wengine barabarani. Haitibu mguu wa dereva wala hailipi mzigo alioubeba. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na waajiri, na tajiri wa pikipiki hajihesabu kuwa mwajiri wa mtu.

Wapo wanaotumaini kwamba kampuni za mitandaoni zitaleta utaratibu. Mimi nasita. Jumia ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019. Uber ilisimamisha huduma Aprili 2022 baada ya kutofautiana na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kuhusu nauli na kamisheni, ikarejea mwaka uliofuata. Kampuni huweza kuondoka. Deni la pikipiki halimwondokei dereva.

Ndiyo maana ningemshauri kijana aanze na wenzake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba, na nne kati ya hizo ni za vijana. Ni mkopo na utarejeshwa, lakini pikipiki inakuwa ya kikundi tangu siku ya kwanza, na mmoja akiumwa mwingine anaendesha.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo Manispaa na viongozi wa vijiwe wanaweza kulifanya bila kusubiri sheria mpya: stakabadhi moja ya mzigo, inayotumika stendi nzima. Iandikwe thamani ya kilichomo, kifurushi kipigwe picha mbele ya anayekipokea, na itajwe nani analipa kikiharibika kabla na baada ya kukabidhiwa. Uzito nao uwe na kikomo, kwa sababu friji nyuma ya pikipiki ni hatari kwa kila aliye barabarani. Yafanyike sasa. Reli ya SGR inajengwa kuja Tabora. Mizigo ikiongezeka, vijana wanaoigombea wataongezeka pia, na atakayedai stakabadhi peke yake atapitwa na yule aliye tayari kubeba bila kuuliza.