Ukinunua programu ya duka, ione ikijengwa

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Idi, kompyuta ya Hajati mmoja, jirani yangu hapa Kibuli kwenye mteremko unaoshuka kutoka msikitini, iliungua. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski ikafa. Hajati huuza mchele unaoingia kupitia Mutukula na hupeleka maharage Busia. Ndani ya diski ile mlikuwa na madeni yote: nani anadaiwa shilingi za Tanzania, nani za Kenya, nani za hapa kwetu Uganda, na kila mmoja aliahidi kulipa lini.

Hajati alikuwa amejiandaa kuliko wengi wetu. Kila Ijumaa alinakili faili la hesabu kwenye flashi. Tena kijana aliyemtengenezea programu alikuwa amemwachia msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo. Kijana mwenyewe alikwishakwenda Ghuba kutafuta riziki, na namba yake ya zamani haipatikani. Faili tulikuwa nalo mkononi, lakini lilipangwa kwa mtindo ambao ni programu ile tu iliujua. Ukilifungua kwa kitu kingine unaona vurugu za herufi.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nikamwambia, "Hajati, usiwe na wasiwasi, msimbo ukiwepo ni kazi ya jioni moja." Tulikesha mara tatu.

Programu iliandikwa kwa lugha ya Pascal ndani ya Lazarus, karakana huria ya kuundia programu iliyoanza mwaka 1999. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Lakini toleo lililokuwa kwenye ghala la Linux yetu lilikuwa la zamani kuliko lile alilotumia kijana, na vifurushi vipya vilivyo tayari vilikataa kuingia kwenye mfumo wetu uliozeeka. Ikabidi kwanza tuijenge Lazarus yenyewe kutoka kwenye msimbo wake, ndipo tuijenge programu ya Hajati.

Usiku wa kwanza ulimalizwa na kompaila, chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu inayofanya kazi. Kompaila ya Free Pascal imeandikwa kwa Pascal hiyohiyo, kwa hiyo ili ujenge mpya lazima uwe na nyingine tayari, tena isiwe kuukuu. Yetu ilikuwa kuukuu. Tukatafuta iliyotakiwa, tukaendelea.

Usiku wa pili tulipotea kabisa. Kompyuta ilisema haipati kipande fulani, na sisi tukakitafuta kana kwamba hakipo. Kumbe vilikuwapo viwili! Kompaila mpya ilikuwa inasoma faili la mipangilio la ile ya zamani, hivyo inachanganya vipande vya zamani na vipya, halafu inavikataa. Dawa yake ilikuwa kufuta kila kilichokwisha kukompailiwa, kuandika upya faili la mipangilio, na kuanza mwanzo. Inauma kufuta kazi ya siku nzima, lakini tungefanya hivyo mapema tungelala.

Usiku wa tatu, hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande, skrini ilijaa malalamiko. Kijana ninayefanya naye kazi alisoma mstari wa chini kabisa, unaosema tu kwamba kazi imeshindikana. Mstari huo hausaidii mtu. Nikamwambia apande juu hadi lalamiko la kwanza, kwa sababu mengi yanayofuata ni watoto wa hilo. Lalamiko la kwanza lilisema maktaba ya GTK, ile inayochora madirisha, haionekani. Lakini madirisha tuliyokuwa tunayatazama yalichorwa nayo! Jibu ni kwamba Linux yetu hutenganisha maktaba ya kutumia na kifurushi cha kujengea. Cha kwanza tulikuwa nacho, cha pili hatukuwa nacho. Aliyewahi kulala Malaba na mzigo wake ataelewa: mali ipo, karatasi haipo.

Saa tisa usiku programu ilifunguka. Asubuhi Hajati alikuja, na deni la kwanza alilotazama lilikuwa la mtu wa Bukoba aliyekuwa akisisitiza kwamba amemaliza kulipa. Hakuwa amemaliza.

Tulipata kwa bahati. Sisi tunaovusha bidhaa ni hodari wa kudai karatasi. Mzigo usiozidi dola 2,000 tunajua kuuombea cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tunajua kukikagua. Lakini programu inayobeba madeni yetu yote tunainunua kwa kupeana mikono, na kama muuzaji ni mwema anatuachia flashi ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Mwenye flashi hiyo hajui kama ana programu au ana maandishi tu.

Kwa hiyo nasema, kabla hujalipa nusu ya mwisho, dai mambo matatu: msimbo, orodha ya kila kinachohitajika pamoja na namba ya toleo lake, na programu ijengwe mbele yako kwenye kompyuta ambayo si ya aliyeiandika. Hilo la tatu ndilo hasa. Vijana wengine wataogopa kuibiwa kazi yao, na hofu hiyo ni halali. Andikeni kwenye mapatano kwamba msimbo ni wa matengenezo ya duka lako, hauuzwi. Vyama vya wafanyabiashara mipakani navyo vingeweza kuajiri fundi mmoja wa kufanya jaribio hilo kwa niaba ya wanachama.

Wapo wanaosema mambo ya msimbo huria si yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi. Hawakuhitaji kungoja mwenye kampuni atuonee huruma.

Hajati ameagiza programu mpya. Kijana aliyeiandika alipokuja kuikabidhi, aliambiwa aijenge kwenye kompyuta ya binti yake. Ilikwama mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu jina la faili moja liliandikwa kwa herufi kubwa mahali pamoja na ndogo mahali pengine: Windows yake haikujali, Linux ya binti ilijali. Akairekebisha palepale kwenye mkeka, chai ikipoa pembeni, kisha akahesabiwa pesa zake zilizobaki.